Siku Moja Gereji: Forester ya Turbo Kutoka Japani

Saa 1:00 asubuhi

Gari ya turbo iliyotumika hukaguliwa ikiwa ya baridi. Leo kuna Subaru Forester XT, umbo la SG5, injini ya EJ205 ya lita 2.0, na dalali ameileta Ilala ikiwa moto tayari.

"Fundi, nimeshaipasha nisikucheleweshe."

"Asante kaka. Iache ipoe, njoo saa tano."

Injini ikishapata moto, moshi wa kuwashia umeshapita, pistoni iliyochoka imeshaacha kugonga, na mfuniko wa rejeta huwezi kuugusa. Mnunuzi mjanja angeomba gari ilale gereji.

Saa 1:30

Wakati inapoa, nasoma karatasi. Gereji za Japani hubandika kikaratasi kwenye nguzo ya mlango wa dereva kila oili inapomwagwa, chenye tarehe na kilomita. Mkanda wa taimingi ukibadilishwa, kingine hubandikwa ndani ya boneti. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu yao ya kifalme: H30 ni 2018, R2 ni 2020. Karatasi ya H30 ikisema kilomita 138,000 na dashibodi ya leo inasema 96,000, mazungumzo yameishia hapo.

Saa 2:15

Mipira ya hewa. Intakula (kipoza hewa ya turbo) ya gari hii imekaa juu ya injini, na mpira mfupi unaotoka kwenye turbo huchanika upande wa chini, macho yasikofika. Pitisha kidole mzunguko mzima. Sensa ya kupima hewa iko karibu na filta, kabla ya turbo, kwa hiyo hewa inayovuja baada yake imeshahesabiwa na petroli yake imeshamwagwa. Matokeo ni moshi mweusi, gari nzito, na mwenye gari anauziwa turbo nyingine kumbe tatizo ni mpira na klipu. Kipimo rahisi: ziba mdomo wa kuvutia hewa kwa kizibo chenye vali, jaza upepo kidogo wa kompresa, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio.

Saa 5:00

Imepoa. Kijiti cha oili kwanza: usawa, rangi, halafu harufu. Oili inayonuka petroli imepoteza unene, na beringi za turbo zinaelea juu ya oili hiyohiyo. Nawasha mtu akiwa amesimama nyuma. Moshi wa buluu wa sekunde chache kisha ukakata, mara nyingi ni sili za vali. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, fikiria ringi. Ukitoka baada ya kuiacha ingurume dakika kadhaa kisha ukakanyaga, shuku turbo.

Nazima, nafungua mpira wa kuingizia hewa na kushika shafti ya turbo kwa vidole viwili. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma hakukubaliki, wala pangaboi kugusa ukuta. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira usikutishe. Dimbwi ndilo la kuogopa.

Turbo nyingi hapa mjini haziuawi na kilomita, zinauawa na njaa ya oili. Kwenye nyingi ya injini hizi, bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, nyuma ya silinda hedi ya kulia, ina kichujio kidogo cha wavu. Oili ikikaa mno hugeuka tope, tope linaziba wavu, na shafti inazunguka kavu. Ukifunga turbo mpya bila kufungua bolti ile, umenunua turbo mbili. Washa (vikalio) za shaba za bolti hiyo ziwe mpya.

Kisha mgandamizo: plagi zote nje (betri upande mmoja, boksi la filta ya hewa upande mwingine, ndipo mkono unaingia), injini ya uvuguvugu, petroli imekatwa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, natia kijiko cha oili kwenye silinda yenye kipimo cha chini na kupima tena. Ikipanda, shuku ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi.

Saa 8:00 mchana

Gari nyingine, injini ileile, kazi ni mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemshafti. Kilomita 100,000 ndiyo mwisho wake, na ukikatika vali zinakutana na pistoni. Kwa hiyo nabadilisha mkanda, tenshena (kibana mkanda), roli zote tatu ikiwemo ile ya meno, na wota pampu.

Bolti ya puli ya krenki ni soketi ya 22. Hapa vijana wengi huharibu: kwenye gia za krenki na kemshafti kuna mishale na kuna mistari. Taimingi hupangwa kwa mistari, mishale achana nayo. Kemshafti za kushoto zinasukumwa na springi za vali, zikiachiwa hovyo zinaruka na kupinda vali. Zishike kwa spana. Tenshena ibanwe wima kwenye vaisi, polepole, dakika 3 au zaidi, kisha pini ya milimita 2. Kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili na usome mistari tena.

Saa 11:00 jioni

Bado gari ya mkanda. Oili: natia lita 4 kwanza, naongeza kwa kufuata kijiti, kisha nitamwambia mwenye gari arudi baada ya kilomita 5,000. Maji huanza kwenye tangi dogo la juu karibu na turbo, halafu rejeta, hita ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe.

Njiani naiwekea mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kuangalia injini kugonga. Gari hizi zilisetiwa kwa petroli ya Japani inayouzwa kama RON 100 (RON ni kipimo cha petroli kuhimili kugonga). Ya kwetu iko chini, basi usiipandishie presha ya turbo.

Saa 12:00

Mnunuzi wa Forester anapewa karatasi yake: mpira wa intakula umechanika, hakuna alama ya mkanda kubadilishwa, mgandamizo uko sawa. Mkanda na vifaa vyake, bolti yenye wavu na mpira vitolewe kwenye bei. Dalali akikataa, zipo Forester nyingine.