Vyuma vimenipunguzia kitambi, na njaa nimeiwekea ratiba

"Ukianza kubeba vyuma utakula kama tembo, kitambi kizidi." Wote walioniambia hivyo hawajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko rimoti. Nimebeba, kitambi kimeshuka, na mezani nina adabu kuwashinda.

Hakuna aliyeniambia kwamba mazoezi makali huzima njaa kwa muda. Namaliza kuchuchumaa na chuma begani, miguu inatetemeka, jasho linadondoka sakafuni, na chakula hata harufu yake siitaki. Kuna homoni iitwayo ghrelini, tumbo huitoa kuuchokoza ubongo udai chakula. Baada ya mazoezi mazito hushuka kidogo, halafu inarudi. Kwangu nafuu hiyo ni ya saa moja hivi.

Sasa mwalimu mmoja wa mazoezi akanishikia bango: nisipokunywa "kinywaji cha misuli" papo hapo, kazi yote imekwenda bure. Maziwa, ndizi, siagi ya karanga, unga wa protini na asali juu! Nikawa najilazimisha kumeza bilauri nzima saa ileile ambayo mwili haudai kitu, na chakula cha usiku sikukipunguza. Mkanda ukagoma kufunga. Namuuliza, ananijibu, "Hiyo ni misuli, kaka." Misuli gani inaota chini ya kitovu? Isitoshe, kilo moja ya misuli ikiwa imepumzika huchoma kama kalori 13 tu kwa siku. Hapo hakuna leseni ya kula ovyo.

Nikaachana na bilauri, nikaigeuza ile saa ya kukosa hamu kuwa mtaji. Nafanya mazoezi jioni. Nikirudi, kabla hata ya kuoga, napakua sahani yangu: nusu mboga, protini ya kutosha, wanga kidogo. Naifunika, sufuria inaondoka machoni. Njaa ikirudi inakuta mambo yamekwisha, maana aliyepakua hakuwa na njaa. Ningepakua saa moja baadaye, ungeona mlima.

Njaa yenyewe hasa hunijia kesho yake, tena nikiwa nimefanya mazoezi ya miguu. Siku hiyo asubuhi ni mayai au maharage, chai tupu haifai. Protini hushibisha kuliko wanga. Wanaonyanyua vyuma wengi hulenga kama gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kitambi ahesabu kwa uzito anaoutafuta. Na ulale, kwa sababu ukikesha, ghrelini inakufanyia fujo kesho yake. Mwenye dawa za kisukari amwone daktari kwanza, sukari isije ikashuka ghafla.

Siku za mapumziko ujanja wa sahani haufanyi kazi kabisa, njaa iko macho tangu alfajiri. Siku hizo nimemkabidhi mke wangu upawa, naye hana huruma.