Tulivyolala hoteli ya Mount Washington msimu wa theluji, bila kufilisika

Wabongo wa Massachusetts hatuna uhaba wa ushauri. Kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa jirani niliuliza tu, ile hoteli kubwa ya New Hampshire, nyeupe yenye paa jekundu, mtu akitaka kulala siku mbili na mkewe anafanyaje? Nikaambiwa ni ya mamilionea. Nikaambiwa sisi hatuendi sehemu kama zile. Nikaambiwa pesa zikiniwasha nizitume Tanga nikaezeke nyumba. Mmoja akaniuliza kwa upole kama niko sawa kiafya. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kufika.

Sisi tumefika, tumelala, tumekula, na nyumba ya Tanga inaendelea kupanda.

Naanza na siku, maana pesa yote iko hapo. Mimi na mama watoto tunabeba boksi la kutunza wazee, zamu za usiku, na mapumziko yetu yanaangukia Jumapili na Jumatatu. Miaka nenda rudi tumeyalalamikia. Kumbe kwa hoteli za milimani hiyo ni bahati. Watu wa Boston wanajaa Ijumaa na Jumamosi na ski zao, vile vibao vya kutelezea kwenye theluji, Jumapili mchana wanafungasha, na bei inaondoka nao. Chumba ambacho Jumamosi kilikuwa kinakaribia dola mia sita tulikipata kwa mia tatu na ushee. Ila iepuke ile wiki ya Februari shule zinapofungwa, wakati wa sikukuu ya marais, maana wiki hiyo hata Jumanne inauzwa bei ya Jumamosi. Na ukiwa unatafuta mtandaoni shuka mpaka mwisho wa ukurasa. Hoteli za aina hii Marekani zina ada yake ya kila siku, halafu kodi juu yake. Kabla ya Mei 2025 bei iliyoandikwa juu kwa maandishi makubwa ilikuwa chambo; siku hizi sheria inataka ada hiyo iwemo humo, ila kodi bado inaweza kukusubiri mwishoni.

Watoto wakaenda kwa shangazi yao.

Sasa gari. Kuna kaka mmoja tunamheshimu sana hapa mjini, zamani alikuwa anaendesha pikapu ya mizigo huko kaskazini. Akaniambia, "Mdogo wangu, matairi ya theluji ni wizi mtupu. Tia mifuko ya mchanga kwenye buti, gari linakuwa zito, linashika barabara." Alivyoongea kwa uhakika, nani angebisha? Mchanga unauzwa dukani kwenye mifuko msimu wa baridi, dola chache tu kila mmoja. Nikapakia minne. Corolla yetu ikakaa mkia chini, pua juu.

Barabara kuu ya I-93 inasafishwa vizuri, hatukuona taabu mpaka Franconia Notch, pale milima inapobana na barabara kuu yenyewe inabaki njia moja kila upande. Theluji ikaanza kudondoka. Tukatoka, tukaingia barabara ya 3, tukasimama kituo cha mafuta tukajaza na kwenda msalani. Kutoka kituoni kuna kamwinuko. Sisemi kilima. Ni kamwinuko ambako bibi yangu angekapanda na ndoo ya maji kichwani huku anapiga soga. Gari likagoma. Tairi za mbele zikazunguka papo kwa papo, zikapiga kelele, kisha gari zima likarudi kinyumenyume, taratibu, kwa adabu, mpaka karibu na pampu. Nikakanyaga mafuta zaidi, likaenda ubavu. Nikajaribu kupinda usukani huku na huku, likanirudisha kwenye pampu ileile.

Mama watoto akashuka, akasimama pembeni na mikono mfukoni. Mke wangu ni Mchaga wa Machame. Hasara anaiona kabla haijatokea.

"Baba Faraja," akasema, "hili gari linavutwa na tairi za mbele au linasukumwa na za nyuma?"

Za mbele.

"Na huyo kaka yako, pikapu yake?"

Nyuma. Nilijibu nikiwa nimeshaelewa. Pikapu inayosukumwa na tairi za nyuma ikiwa tupu ni nyepesi nyuma, kwa hiyo mchanga unaisaidia. Yetu inavutwa na za mbele, na sisi tulikuwa tumezipunguzia uzito makusudi, kwa pesa zetu wenyewe. Ushauri ulikuwa wa gari lingine!

Nikatoa mfuko wa kwanza niutupe kando. Akaushika. "Unatupa nini? Mwaga chini ya tairi." Tukautoboa kwa funguo ya nyumba, nikakwangua theluji kwa kiatu, tukamwaga mchanga chini ya kila tairi la mbele, tukaendelea mbele yake kama hatua tatu, mistari miwili iliyonyooka. Mfuko mwingine ukahamia mbele, sakafuni upande wa abiria, yeye akauwekea miguu juu. Gia ya chini, mguu mwepesi kwenye mafuta. Gari likapanda kistaarabu kabisa. Jamaa aliyekuwa anatutazama toka dirishani na kahawa yake akapiga makofi.

Kwa hiyo mchanga ubebe, lakini ubebe kwa ajili ya kumwaga. Na matairi ya theluji nunua. Raba ya tairi la kawaida hukakamaa baridi ikizidi, ya tairi la theluji imetengenezwa ibaki laini. Yangu ya sasa ni ya mtumba, yote manne pamoja na kufungiwa haikufika dola mia tatu. Kwenye chombo cha kuoshea kioo usitie maji.

Basi unaendelea na barabara ya 302, miti, miti, halafu msitu unafunguka mkono wa kushoto na unaiona yote kwa mpigo: hoteli imelala chini kwenye uwanda mweupe, minara yake, paa jekundu, na nyuma yake Mount Washington. Mama watoto akautazama mlima. "Huu nao mlima?" Unafika mita 1,917, karibu sawa na pale getini Marangu watalii wanapoanzia kupanda Kilimanjaro. Nikamwambia huko kileleni mwaka 1934 upepo ulipimwa kilomita 372 kwa saa. Akacheka. Kesho yake asubuhi tukatoka kwenye kibaraza, kirefu kinazunguka jengo, upepo ukachukua skafu yake ukaibandika kwenye nguzo ya mbali. Akaifuata, akarudi ndani, hakutoa maoni.

Hoteli aliijenga Joseph Stickney, tajiri wa makaa ya mawe na reli, ikafunguliwa 1902. Ilijengwa kwa ajili ya kiangazi. Matajiri walikuwa wanakimbia joto la mjini wanakuja na treni, vuli ikiingia inafungwa. Msimu wa baridi ilianza kupokea wageni 1999 tu. Yaani hii raha ya kukaa mbele ya moto wa magogo ukitazama theluji, hao mamilionea wa mwanzo hawakuijua. Chini kuna baa inaitwa The Cave, enzi za marufuku ya pombe watu walikuwa wanakunywa humo kwa kificho. Bia moja pale inatosha. Bei yake itakukataza ya pili.

Lakini mimi kilichonivuta ni kingine. Jina la mahali pale ni Bretton Woods. Julai 1944 wajumbe 730 wa nchi 44 walikaa humo ndani wiki tatu, wakatoka na IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, na Benki ya Dunia. Chumba walichosainia kipo, Gold Room, unakiona bila kulipa senti. Afrika ilikuwa na nchi nne tu mezani: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Tanganyika tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Mimi nimekulia kwenye simulizi za mzee wangu za foleni za sukari na sabuni, za Mwalimu kugombana na IMF, mpaka serikali ya Mzee Mwinyi ilipokubaliana nao 1986. Nikapiga picha mlangoni, nikamtumia. Kule ilikuwa usiku, lakini akajibu palepale: "Mwanangu, ukiwaona waambie huku mikanda bado tumefunga."

Nguo: tuliambiwa tuvae jinzi mbili mbili. Usithubutu. Jinzi ni pamba, ikilowa theluji haikauki, inakuwa ubao. Vaa kitu cha sufu au cha michezo kinachogusa mwili, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopitisha maji. Tulikodi viatu vya kutembelea kwenye theluji, vile vipana, tukazunguka msituni saa nzima na ushee. Ski waachie wenyewe. Goti halina spea.

Bwawa la kuogelea la nje ndilo lililonimaliza. Maji yanapashwa moto, mvuke unapanda, theluji inakuangukia kichwani, na wewe ndani umetulia na joto lako. Mama watoto alikuwa amesuka rasta mpya, zikalowa. Baada ya dakika chache zikaanza kukakamaa moja moja. Akitikisa kichwa zinagongana, tik tik tik. Alifurahi akawa anatikisa makusudi, wazungu wanageuka. Mimi nilikuwa nimeacha kandambili zangu pembeni ya bwawa, kurudi nikazikuta zimeganda chini, nikazing'oa kwa nguvu, kamba moja ikabaki hukohuko. Zako ziache ndani, kando ya mlango. Ukimbie peku. Ni hatua chache, na kelele utakazopiga hakuna atakayekushangaa.

Chakula cha usiku tulikula hotelini mara moja, tukavaa vizuri, nikatoa tipu kama mtu. Milo mingine ilikuwa chapati za nyumbani na kuku wa kukaanga. Birika la umeme tulibeba na tangawizi yetu, kwa sababu chai ya mashine ya kahawa ina ladha ya kahawa ya mgeni aliyepita.

Yote kwa yote, na mafuta na ile bia, ilikuwa chini kidogo ya dola elfu moja. Shemeji yangu amesikia, anataka mwakani twende wote, yeye, mume wake na watoto wao wanne. Hoteli ina vyumba kama mia mbili. Nimemwambia imeshajaa.