Kabichi za Bwawa la Pili

Jana binti yangu kaparua sato, kawaosha, akataka kumwaga yale maji kwenye sinki. Nikamdaka mkono.

"Peleka kwenye mchicha."

"Baba, yananuka!"

Yananuka, ndiyo. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia babu yako. Jibu hilo ni nusu ya kweli.

Ile Oktoba kiangazi kilikuwa kimekomaa, mfereji umebaki tope tupu, na kabichi zangu zimedumaa pale chini ya bwawa la pili, lile la perege. Baba alikuwa na sheria yake: ndoo kumi asubuhi, kumi jioni, basi. Samaki wanajisaidia mle mle, pumba wasizomaliza zinaozea mle mle. Yale maji alikuwa akiyaita chai ya samadi. Chai hainywewi kwa pipa, alisema. Kisha akaenda matangani Songea, siku tatu.

Nikachukua mpira wa inchi moja, nikaujaza maji, nikaziba ncha zote mbili, moja nikaizamisha bwawani na nyingine nikaishusha kwenye matuta, kisha nikaziachia. Maji yakaanza kujivuta yenyewe. Raha iliyoje! Sikuchota hata ndoo moja. Nikauacha mchana kutwa, nikauacha na usiku.

Jioni ya pili nilizamisha mkono, kama bwana shamba alivyotufundisha: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi. Changu kilipotea kwenye kifundo. Nikafurahi. Nilikuwa nawaza kabichi.

Alfajiri nikasikia chup, chup, chup. Bado giza la kijivu, umande umelowesha suruali hadi magotini. Kumbe ni midomo. Bwawa zima, kutoka tuta hadi tuta, vidomo vya duara vimetokeza juu ya maji, vinafunguka, vinafumba, vinafunguka, kama kwaya iliyonyang'anywa sauti. Ule ukijani, ambao ni vijimea vidogo sana, mchana hutoa hewa. Usiku nao unaivuta, na maji niliyoyaacha yalikuwa ya magoti. Perege mmoja, mpana kama kiganja cha baba, alikuja hadi miguuni pangu. Akanitazama, au niseme nilihisi hivyo, kisha akalala ubavu taratibu, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa mto.

Wakubwa ndio wanaotangulia. Wadogo huhimili.

Nikang'oa mpira. Mama akaja na ndoo, tukawa tunachota maji yale yale na kuyamwaga kutoka juu, juu kabisa, yashike hewa. Mikono iliwaka moto. Jua lilipopanda wale waliobaki wakazama chini. Wengine tulikula, wengine tukagawa kwa majirani, waliooza nikawazika katikati ya matuta. Kama ni mbolea, basi iwe mbolea.

Baba aliporudi alizunguka bwawa mara moja, mikono nyuma. Akashuka kwenye kabichi, akageuza jani. Lilikuwa limeshaanza kukoza.

"Hizi zitafunga," akasema, akaenda kuvua viatu.

Na kweli zilifunga. Niliziuza, nusu ya hela ikanunua vifaranga wa perege. Mama alipika kabichi wiki nzima. Baba alikula ugali na maharage tu. Mpaka leo sijajua kama ilikuwa hasira, au ni mtu tu asiyependa kabichi.