Dereva naye ana kichwa: nilivyopata ushauri nasaha unaolipiwa na mwajiri

Kwenye kijitabu cha bima tunachopewa kazini, baada ya meno na miwani, pana mstari mmoja: ushauri nasaha, vikao sita kwa mwaka, kwa idhini. Ni hayo maneno mawili ya mwisho yaliyonihangaisha miezi. Pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikia bila ofisi nzima kujua.

Mimi ni dereva wa ambulensi, Mombasa, kampuni ya binafsi. Si daktari wala paramediki. Kazi yangu ni usukani, king'ora na upande mmoja wa machela. Lakini gari likipinduka kule Taru saa nane za usiku mnafika wawili tu. Mwenzangu yuko na anayepumua, mimi nashika tochi, nakata mkanda, natuliza anayepiga mayowe, nafunika wa kufunikwa. Hakuna anayeniambia nifumbe macho kwa kuwa mimi ni dereva.

Watu wanaonijua hudhani ni Shakahola iliyonichosha. Mwaka 2023, msitu ule wa Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja waliambiwa wafunge hadi kufa, ulipoanza kufukuliwa na miili ikapita 400, magari mengi ya pwani yaliitwa, letu likiwamo, kupeleka manusura Malindi. Niliwaona watu waliokonda hadi hujui ushike wapi unapowabeba, na wengine wakikataa hata uji. Lakini wakati ule ukisema hulali, kila mtu alikuelewa. Palikuwa na mahema ya Msalaba Mwekundu na washauri waliokaa na familia, na dunia nzima ilikuwa ikitazama. Kilichoniangusha kilikuja baadaye, ajali ya kawaida karibu na Mazeras, isiyopata hata mistari miwili gazetini. Sitaieleza. Nitasema tu kwamba iliniachia harufu ya breki zilizoungua, ile ya malori yanayoteremka kuja Mombasa na mzigo. Dereva ataikimbiaje harufu ya breki?

Nikaanza kubadilishana zamu na wenzangu ili nisipelekwe njia ya Mariakani, inayopita Mazeras. Zamu za mjini nilizitaka zote, hata za Idi. Nyumbani nikawa mkali kwa mambo ya kipuuzi, sahani, viatu mlangoni. Usingizi ulikuwa unakatika saa ile ile kila usiku. Muguka, majani ya jamii ya miraa, ambayo hapo awali nilitafuna zamu za usiku tu kama nusu ya madereva ninaowajua, ikawa ya mchana pia. Gavana wetu alipoipiga marufuku Mei 2024 na mahakama ikasimamisha marufuku hayo, kijiweni tulicheka sana. Mimi nilicheka nikijua kwamba ikikosekana kweli sitaweza kukaa na nafsi yangu jioni moja.

Mama alitaka nisomewe, na nilisomewa. Siwezi kudharau, usiku ule nililala. Na ni imamu yule yule aliyeniambia, tukivaa viatu, "Mwanangu, dua ni dua na dawa ni dawa. Tafuta na watu wa hayo mambo." Ningeambiwa hivyo kazini labda ningebisha.

Nilikuwa pia nimeshamwona mzee mmoja wa mtaani kwetu Likoni, aliyesaidia kutoa miili feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994. Watu 272 walikufa siku ile. Mzee huyo miaka yote ameishi na bahari mbele ya mlango, na hajapanda feri tena. Akitaka kwenda mjini huzunguka. Tulimzoea, tukamwita mtu wa masihara. Nilipoanza kuzunguka mimi, nilimwelewa.

Basi nikaenda ofisi ya wafanyakazi na kijitabu changu. Dada wa pale ni mtu mwema, tunaheshimiana. Akaniambia, "Kaka, hii ni ya watu wa tiba. Nyinyi madereva mko kundi lingine la bima."

"Na dereva haoni?"

"Dereva si anaendesha tu?"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mkataba ulivyoandikwa. Akaongeza kwamba hata hao wa tiba hawajawahi kutumia, na sababu niliiona pale pale: fomu ya idhini ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya tatizo, na nafasi ya sahihi ya msimamizi wa zamu. Yaani umwambie anayekupangia gari kwamba kichwa hakiko sawa, kisha usubiri sahihi yake. Hapa Mombasa ukitajwa na mambo ya akili, utani wa kwanza ni hospitali ya Port Reitz, kwa sababu ya wadi zake za wagonjwa wa akili. Wa pili, kwa dereva, si utani: msimamizi atakuondoa kwenye usukani, na posho ya usiku iende zake.

Njia rahisi ingekuwa kujilipia. Niliulizia, kikao kimoja shilingi 3,000. Nikienda kila wiki ni kodi ya chumba. Isitoshe, kwa nini nilipe mimi kwa ugonjwa nilioupata nikiwa nimevaa jaketi lenye jina la kampuni?

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, na nikawapata wengine waiweke sahihi: madereva, paramediki wachache, na dada wawili wa chumba cha simu. Hao wa simu ndio walionifungua macho. Sisi tunaiona ajali; wao wanaisikia. Mtu anapiga akilia, simu inakatika, na wao hawajui iliishaje. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba nao wanahitaji chochote.

Kwenye barua sikulia. Niliweka sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi hapo. Wote. Haisemi wa tiba. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, kwa hiyo ile fomu yenye nafasi ya tatizo, inayolala mezani kwa msimamizi, ilikuwa na maswali ya kujibiwa. Kijana mmoja anayesomea sheria alinisaidia kupanga maneno, nikamlipa kwa biriani. Nakwambia, meneja anasoma barua yenye mwaka wa sheria tofauti na anavyosoma barua yenye manung'uniko.

Kilichofuata sikukitarajia, kwamba fundo lingefunguliwa na mhasibu. Tulikaa kikao, meneja akasema hana shida na pesa, shida ni bima, kwa sababu bima inataka jina kwenye kila dai. Mhasibu, mama mkimya anayejulikana kwa kukataa risiti za mafuta zilizofutika, akauliza, "Kwani lazima yapite kwenye bima?" Akafanya hesabu pale pale. Badala ya kudai kikao kimoja kimoja, kampuni inunue vikao kwa jumla, ilipe kituo cha ushauri kila mwezi, na ankara ije na idadi tu. Hakuna jina, hakuna zamu, hakuna jinsia. Ikiwa mwezi huu vikao vimetumika vingi, atauliza bei, hatauliza nani. Kwa vile hatupiti tena kwenye makundi ya bima, dereva na mpokea simu waliingia bila mjadala. Sahihi ya msimamizi ikafa.

Nawaambia wenzangu wa kampuni nyingine, na wa zimamoto wa kaunti ambao huniuliza: msianze kwa kuomba huduma. Anzeni kwa kuuliza ankara inapita kwa nani.

Mambo mawili bado yalitaka kubishaniwa. La kwanza mahali. Mwanzo kaunsela alikuja ofisini kwetu, chumba cha mkutano chenye mlango wa kioo. Wiki nzima hakuingia mtu. Tukaomba twende sisi kwake, jengo moja la Ganjoni, ghorofa aliyokaa daktari wa meno. Tangu hapo madereva wa kampuni yetu wanaonekana kuwa na meno mabovu sana.

La pili muda. Ukitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, kisha uende ukaeleze maisha yako saa mbili, utalala kwenye kiti cha watu. Tulikubaliana kwamba kikao kihesabiwe ndani ya saa za kazi, kama mafunzo. Ratiba inaandikwa hivyo: mafunzo. Meneja alilipinga hili kuliko pesa zenyewe, kwa kuwa gari moja husimama. Bado linampa shida, na namwelewa kiasi.

Tulimwomba pia kaunsela atuandikie, kabla ya mtu yeyote kwenda, siri inaishia wapi. Amesajiliwa, sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 inamtaka hivyo, na alituandikia wazi: atavunja siri pale tu ambapo pana hatari kwa maisha, yako au ya mwingine. Kutolala hakumo. Kuogopa barabara ya Mariakani hakumo. Karatasi hiyo iko ukutani chumba cha chai, na nadhani imefanya kazi kuliko barua yangu.

Kuhusu chumbani kwenyewe nitasema machache. Nilidhani nitaulizwa nisimulie ile ajali mwanzo hadi mwisho. Sikuulizwa. Aliniuliza nalala saa ngapi, natafuna kiasi gani, nakwepa nini. Hilo la kukwepa ndilo alilolishikilia. Alinieleza kwamba mwili ulishajifunza kuwa Mazeras ni hatari, na kila nikibadilisha zamu nauthibitishia. Akaniambia pia kwamba mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unawataja waziwazi watu wa kazi zetu, wanaokusanya mabaki ya binadamu, miongoni mwa wanaoweza kupata madhara kwa kukutana na mambo hayo mara kwa mara, si kwa tukio moja kubwa tu. Siwezi kueleza nilivyopumua. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini niliihimili Shakahola nikashindwa na ajali ya barabarani. Kumbe vyote viliingia kwenye hesabu moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole na, kusema kweli, ya kuchosha. Kusimulia kidogo, kusimama, kusimulia tena mpaka maneno yasinitoe jasho. Kisha kwenda. Kwanza mchana, gari langu, na shemeji yangu kando, hadi Mazeras na kurudi. Kisha kusimama pale, kioo chini, malori yakipita. Harufu iko pale pale. Sasa najua ni breki.

Muguka sijaiacha yote. Nimeirudisha usiku. Kaunsela hakufurahi wala hakunihubiria.

Kuna jambo moja ambalo yeye na meneja waligongana, na nililipenda. Meneja alikuwa na desturi, baada ya ajali mbaya, kutuketisha duara usiku ule ule, kila mmoja aseme alichoona. Aliamini anatusaidia. Kaunsela alimwambia aache: Shirika la Afya Duniani halipendekezi watu kusimulishwa hivyo mara tu baada ya tukio, na mpokea simu aliyekuwa hajaona anaondoka akiwa ameona kwa maneno ya wengine. Badala yake sasa kuna chai nzito, mikate, mtu wa kukurudisha nyumbani usiendeshe, na simu kesho yake mchana kuuliza umelalaje. Anayetaka kusema aseme, asiyetaka ale mkate wake. Dada mmoja wa chumba cha simu ndiye anayepiga hizo simu za kesho yake, kwa hiari yake. Anasema angalau sasa anajua simu zake ziliishaje.

Vikao sita kwa mwaka havitoshi kwa kila mtu. Mimi vilinitosha kwa shida, na mwisho nililipia mwenyewe vya nyongeza. Kuna mwenzetu ambaye alihitaji daktari na dawa, na hapo bima ilirudi na jina lake likaandikwa, kwa sababu dawa hainunuliwi kwa jumla. Hilo hatujalipatia dawa. Mkataba wa kituo unafanywa upya Julai, mwaka wa fedha ukianza, na mwaka huu tumeomba wake na waume zetu waingizwe. Meneja amesema familia si wafanyakazi. Mhasibu ameomba apewe wiki moja apige hesabu.