Joto la oveni, kutoka pointi mbili tu

Ninaoka keki za oda hapa Arusha, na mapishi mengi huwa nayatoa mtandaoni kwa waokaji wa Marekani. Wao wakiandika "washa oveni 350" wamemaliza, hawana habari na sisi; hiyo ni kwa Fahrenheit, kipimo cha joto wanachotumia wao. Oveni yangu imeandikwa nyuzi za Celsius, mwisho wake 250. Simu inaweza kunibadilishia hiyo 350 mara moja, lakini mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alikuja kwangu na swali la shule: tafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita kwenye pointi mbili. Kanuni alikuwa nayo kichwani, y = mx + c, anaitaja bila kukwama. Nikamuuliza m inatoka wapi. Kimya. Nikaona hapa afadhali tutafute mlinganyo wa oveni.

Tunachokijua kwa uhakika ni hiki: maji huganda kwenye 0 ya Celsius, na hapo Fahrenheit inasoma 32. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwenye 100, na hapo Fahrenheit inasoma 212. Celsius tukiiita x na Fahrenheit tukiiita y, tuna (0, 32) na (100, 212). Zinatosha. Vipimo hivi hupanda pamoja kwa hatua zisizobadilika, kwa hiyo grafu yake ni mstari mnyoofu, na mstari mnyoofu unaopita kwenye pointi mbili tofauti ni mmoja tu.

Mteremko ndio huo m. Y imepanda kutoka 32 hadi 212, yaani 180. X imepanda 100. Gawanya 180 kwa 100, unapata 1.8. Maana yake, Celsius ikiongezeka moja, Fahrenheit inaongezeka 1.8, iwe ni kwenye friji au ndani ya oveni. Nilitaka alione hilo kabla hajaandika chochote, maana mtoto akishaelewa kwamba m ni kiasi anachopanda y kwa kila hatua moja ya x, kanuni haimpotei tena.

Kilichobaki ni c. X ikiwa 0, y ni 32, basi c ni 32. Mlinganyo wetu: y = 1.8x + 32.

"Shangazi, lakini shuleni hawatupi pointi yenye sifuri." Kweli, hawatoi. Nikampa nyingine: joto la mwili wa mtu mzima wa afya, 37 kwa 98.6, pamoja na ile ya maji kuchemka, 100 kwa 212. Akatoa: 212 toa 98.6 ni 113.4, 100 toa 37 ni 63. Akagawanya. 1.8 tena! Hapo uso wake ulibadilika kabisa. Kisha c: 212 = 1.8 × 100 + c, kwa hiyo c ni 32. Pointi nyingine, mstari uleule.

Akauliza aanze na pointi ipi kwenye kutoa. Yoyote, mradi ukianza nayo kwenye y uanze nayo kwenye x pia. Ukichanganya, utapata -1.8, na jibu hilo linasema oveni ikizidi kuwaka Fahrenheit inashuka. Ndiyo maana nasisitiza watoto waangalie grafu: mstari unapanda au unashuka? Mteremko hasi wenyewe upo, tena kwenye habari hizihizi za joto. Anders Celsius wa Uswidi alipotoa kipimo chake mwaka 1742, aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda. Kiligeuzwa baadaye. Kati ya kipimo chake cha awali na cha leo, pointi ni (0, 100) na (100, 0), mteremko ni -1, mlinganyo ni y = -x + 100.

Jambo ninalolipigania zaidi ni hili: pointi unazoanza nazo ziwe za kweli. Arusha tuko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95. Kipimajoto cha Fahrenheit ukikitumbukiza kwenye sufuria inayotokota kitasoma karibu 203. Pointi (95, 203) iko juu ya mstari wetu, jaribu uone. Lakini ukiandika 100 kwa sababu kitabu kimesema maji huchemka kwenye 100, unapata (100, 203), na ukiiunganisha na (0, 32) mteremko unakuwa 1.71, na kwa mstari huo mtu mzima wa afya mwenye 37 anasoma 95.27 badala ya 98.6. Hesabu imefuatwa hatua kwa hatua na bado jibu linamfanya mzima aonekane mgonjwa wa baridi. Kwa hiyo ukishapata mlinganyo, tafuta pointi ya tatu unayoiamini, uipitishe humo.

Na 350 ya Wamarekani? 350 toa 32 ni 318, gawanya kwa 1.8, ni 176 na ushee. Mimi naweka 175.

Kabla hajaondoka nilimwachia swali: kuna joto ambalo vipimo vyote viwili vinasoma namba ileile? Aliweka x mahali pa y, akaandika x = 1.8x + 32, akahamisha, -0.8x = 32. Jibu ni -40. Akalihakiki mwenyewe bila kuambiwa: 1.8 mara -40 ni -72, ongeza 32, -40.