Mario wa Langoni alikuwa mzito

Kompyuta niliyoigeuza kuwa mashine ya gemu zetu za utotoni ni HP Compaq 6200 Pro, ile nyembamba ya kulala, ya mwaka 2011. Ilikuwa ya ofisi moja hapa Lamu niliyokuwa nikiipigia chapa barua na stakabadhi. Waliponunua laputopu wakaitupa stoo, ikawa pa kuegemezea majalada. Nikaiomba, nikapewa, na kijana wa mkokoteni akanifikishia hadi mlangoni. (Ile picha ya punda ameibeba, inayozunguka kwenye grupu ya familia, ni uzushi. Hakuna punda aliyehusika.)

Ndani ina prosesa ya Core i3 kizazi cha pili na RAM ya GB 4. Kwa kazi za leo imechoka. Ukiifungulia kurasa za intaneti tano sita na hati moja ya Word inaanza kuhema. Lakini gemu tulizokua nazo ziliandikiwa mashine ambayo prosesa yake haifiki hata MHz 2. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilitoka Japani mwaka 1983, na zile TV game za Kichina tulizochomeka kwenye TV za wazee wetu zilikuwa nakala zake. Kwa hizo, i3 inatosha na kusaza. PlayStation ya kwanza nayo inaibeba bila taabu. Ya pili usiiulize.

Kabla ya gemu kulikuwa na chumvi. Mtu wa bara akifungua kompyuta ya zamani anakuta vumbi la kupuliza likatoka. Hapa vumbi linakunywa upepo wa bahari, likikauka linakuwa ukoko wa kijivu uliokamata kwenye mapezi ya chuma chini ya feni, na kupuliza hakusaidii kitu. Nilitumia mswaki mkavu na spiriti, ufa baada ya ufa, huku nimeishika feni kwa kidole isizunguke. Vipande vya RAM nikavichomoa, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli mpaka yakang'aa, maana nilipoiwasha mara ya kwanza ilikuwa ikilia pii pii na kumulika taa nyekundu tu. Baada ya raba ikanyamaza, ikawaka. Betri ndogo ya saa, CR2032, ilikuwa imekufa kama nilivyotarajia. Bila hiyo kompyuta inaamka kila siku ikidhani ni mwaka mwingine.

Programu niliyoweka ni Batocera. Ni Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) iliyotengenezwa kwa ajili ya gemu tu, ni ya bure, na inakaa kwenye flashi. Unaiandika kwenye flashi, unachomeka, unabonyeza F9 wakati HP inaamka, unachagua flashi, basi. Diski ya ndani haiguswi, kwa hiyo Windows na barua za watu bado zipo pale zilipo mpaka nizifute kwa mkono wangu. Inakuja na gemu chache zilizotolewa bure na watengenezaji wake. Nyingine zina wenyewe, watengenezaji kama Konami na Nintendo bado wapo na haki zao wanazo, nami sikuelekezi pa kuzipata.

Tulianza na kibodi moja, wana wawili wa kaka yangu bega kwa bega, wakicheza Battle City, ile ya vifaru vya kulinda ndege chini ya skrini. Ugomvi ukaanza pale pale. "Shangazi, huyu ananizuilia!" Na kweli alikuwa akimzuilia bila kujua. Kibodi za ofisi zimeundwa kwa mtu mmoja anayeandika, herufi moja baada ya nyingine. Vidole vikishikilia vitufe vitatu vinne kwa pamoja, nyaya zake haziwezi kutofautisha, na kitufe kimoja kinamezwa. Kifaru cha mdogo kinaganda kwa sababu mkubwa anapiga risasi. Ukiwa na watoto wawili nyumbani, nunua padi mbili za kuchezea, za USB, kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Kisha akaja kaka. Akakaa, akashika padi, akacheza Mario hatua ya kwanza, akafa kwenye shimo la kwanza. Akarudia, akafa tena. Akasema, "Hii umeiharakisha." Nikamwambia ni uzee. Akaapa kwamba si uzee, Mario wetu hakuwa akikimbia hivi, na muziki pia una haraka.

Sasa, kaka ni mtu wa kulaumu kifaa, lakini safari hii alikuwa na haki yake. Mario aliandikwa kwa TV za Japani, zinazochora picha 60 kwa sekunde, na gemu inapiga hatua moja kwa kila picha. TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50. Nakala za Kichina zilizoletwa kwetu zilifuata TV, kwa hiyo kasi ya kila kitu ilipungua kwa moja ya sita. Kilichochukua sekunde 10 Japani kilichukua 12 hapa Langoni, mtaa wa Lamu. Sauti zenyewe hazikushuka, kwani prosesa ya nakala hizo ilikuwa na kasi karibu sawa na ya asili. Ni mdundo tu uliopoa. Ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Tulijifunza kuruka shimo kwa mwendo huo, na vidole vya kaka havijasahau.

Dawa ipo. Kwenye FCEUmm, mojawapo ya emuleta (programu za kuiga mashine za zamani) zilizomo ndani ya Batocera, kuna mpangilio wa eneo, na kati ya machaguo yake mna Dendy, jina la nakala ya Famicom iliyouzwa Urusi miaka ya 1990, nayo ilikuwa ya picha 50. Ila skrini nayo lazima ikubali 50, la sivyo ardhi inakwenda kwa kushtukashtuka Mario akitembea. Waya wa VGA kwenye TV yangu ulikataa. Nikaagiza kiunganishi cha kutoka tundu la DisplayPort la kompyuta kwenda HDMI ya TV, kikaja na basi mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, na hapo TV ikakubali, na sauti ikapita humo humo bila waya wa pembeni. TV yenyewe nikaiweka kwenye hali ya gemu, isikawie kupambapamba picha.

Kaka siku hizi anavuka lile shimo bila kutazama. Wanawe wanasema gemu ya baba imelala. Mkubwa ameshajua menyu ilipo. Baba akienda kuswali Isha anairudisha 60, na mzee akirudi akifa shimoni anaikagua padi.