Sindano za kupimia sukari: nilivyozoea kubadilisha kila nikipima

Nikisema kila nikipima sukari natumia sindano mpya ya kutobolea kidole, watu hapa Mtwara wanadhani nina hela za kuchezea. Hela haziendi huko. Kinachokausha mfuko ni stripu, vile vibanzi vya kupokelea tone la damu kwenye mashine. Sindano bei yake ni ya kawaida tu, na boksi moja huwa na 100. Anayebana sindano anabana pasipovuja.

Ushauri nimepewa wa kila namna. Kuna wa "tumia mpaka ianze kuuma". Ikianza kuuma, jueni ilishakuwa butu zamani. Ncha yake ni nyembamba mno, ikishapita kwenye ngozi huanza kupinda, na ukiirudia inachana badala ya kutoboa. Damu inagoma, unapandisha kina cha kalamu, kile kifaa kinachoshika sindano na kuifyatua, kutoka 2 hadi 4, halafu unakikamua kidole kwa nguvu. Hapo damu inachanganyika na majimaji ya mwilini na namba haiaminiki tena. Wengine wakaniambia niipanguse kwa spiriti. Spiriti inaondoa utelezi uliopakwa kiwandani, kwa hiyo inauma zaidi. Kuchemsha ndiyo kabisa: plastiki ikipinda, haikai tena kwenye kalamu.

Sisemi ukiirudia ya kwako siku nzima kidole kitaoza. Wapo wengi wanaobadilisha mara moja kwa siku na hawajawahi kutunga usaha. Ila imetengenezwa itumike mara moja, na anayeshinda anapara samaki kule Feri asijipe ruhusa hiyo.

Shida yangu ilikuwa kusahau. Kujiwekea siku ya kubadilisha hakukusaidia, Ijumaa inapita hivi hivi. Kilichofaa ni kuilaza kalamu tupu. Nikishaona namba, kabla hata ya kuiandika daftarini, nafungua kalamu. Kile kikofia cha plastiki nilichokinyofoa mwanzoni nakilaza mezani bila kukishika, naichomeka ncha ndani yake mpaka izame, ndipo naitoa na kuidondosha kwenye kopo. Safari nyingine nikifyatua kwa uvivu, inalia "tak" na damu hakuna. Nitake nisitake, naweka mpya! Tena kwenye kipochi natia sindano sawa na stripu zilizobaki. Hesabu zikipishana, kuna sindano imerudiwa.

Saizi nazo mziangalie: 28, 30, 33, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba zaidi. Ya 33 ni raha kwa vidole laini, lakini mbanguaji wa korosho ambaye mafuta ya maganda yameshamuunguza na kumkomaza vidole atahangaika nayo bure, achukue 28. Atoboe ubavuni mwa kidole cha kati au cha pete, si pale katikati anaposhikia kazi, na abadilishe kidole kila mara.

Msimu wa mabibo ndio wa kuogopa. Maji ya bibo yakikaukia kidoleni, sukari yake inaingia kwenye tone la damu na mashine inapandisha namba. Mtu anasoma 14, anaongeza insulini, kumbe amepima bibo. Kupangusa tu hakutoshi. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, maana maji nayo yanazimua damu. Ukiwa na shaka, nawa upya na upime tena kabla hujagusa dawa.

Halafu kuna "Mjomba, nipime na mimi". Kumpima nampima, ila kalamu yangu haiazimwi, hata kwa mke wangu. Kuweka sindano mpya peke yake si kinga, kwa sababu mdomo wa kalamu unagusa kidole na unaweza kubaki na damu usiyoiona; homa ya ini B inapita hapo hapo. Wageni nimewawekea zile zenye springi ndani, zinazojifunga zikishatoboa mara moja.

Zilizotumika nazitia kwenye kopo gumu la jiki lenye kifuniko cha kukaza. Chupa ya maji haifai, sindano inapenya na watoto wanaokota chupa. Likifika robo tatu nalifunga na kwenda nalo kliniki siku ya kuchukua dawa. Ulizeni kwanza kama kwenu wanapokea za nyumbani.